Kwa nini shule zetu kongwe za sekondari zimejengwa mbali na mji?

1. Jirani wa Reli (Tororo)

Salamu kwenu nyote. Binti wa dada yangu ameingia kidato cha kwanza katika shule kongwe ya serikali iliyo nje ya mji mdogo ambao sitautaja, na kwa kuwa hatukumudu ada ya bweni tulikubaliana awe mwanafunzi wa kutwa. Kutoka sokoni hadi langoni ni kilomita saba za mwinuko. Nilipojumlisha nauli ya boda boda ya muhula mzima, niliona kwamba tumelipa karibu bweni zima bila kupata hata kitanda.

Ndipo nikaanza kuhoji jambo ambalo nimelitazama hapa Uganda tangu utotoni bila kuliuliza. Shule ya Nabumali iko zaidi ya kilomita 10 kutoka Mbale. Mwiri iko juu ya kilima, na wewe unayepita barabara ya Jinja kwenda Iganga huna budi kuinua shingo. Nyakasura iko nje ya Fort Portal. Hata Namilyango ya mwaka 1902 na Gayaza ya mwaka 1905 hazikuwekwa katikati ya Kampala.

Dai langu ni hili: wamisionari waliuogopa mji. Mjini kulikuwa na soko, pombe, ngoma na wafanyabiashara Waislamu waliozungumza Kiswahili hiki tunachoandika hapa, kwa hiyo mtoto aliondolewa huko akapelekwa mahali ambapo angesikia kengele, kuona kanisa na kuogopa kiboko. Anayepinga na aniambie ilikuwaje.

2. Chaki Nyeupe (Mbale)

Mleta uzi, nimefundisha miaka mingi upande huu na ninapinga. Unasema shule ilikimbia mji, lakini hukuuliza ni kipi kilichotangulia. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika chini ya Mlima Elgon katika miaka ileile ambayo Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, alikuwa akijenga makao yake Mbale, na wakati huo hakukuwa na mji wa kuukimbia. Kulikuwa na migomba, vijiji na njia za miguu. Mji tunaoujua leo ulikuzwa na boma, soko na viwanda vya kuchambua pamba, kisha na reli iliyotoka Tororo hadi Soroti mwaka 1929. Reli ilifuata pamba na tambarare. Haikuwa na sababu ya kupanda kwenda kuwatafuta wanafunzi. Kwa hiyo mimi ningesema mji ndio uliochagua kukua kwingine, na shule ikabaki pale ilipoketi.

Jambo la pili ni dogo lakini linanikera. Unaziita shule za serikali kana kwamba serikali ndiyo iliyochagua viwanja. Uganda haikuwa na Idara ya Elimu hadi mwaka 1925. Kabla ya hapo karibu kila darasa lilikuwa mkononi mwa misheni, na hata baada ya hapo serikali ilitoa ruzuku na ukaguzi zaidi kuliko matofali. Udhibiti kamili ulichukuliwa baada ya uhuru, mnamo 1963 na 1964. Serikali ilirithi vilima hivyo. Haikuvichagua.

3. Kijana wa Kilimani (Iganga)

Mwalimu ana haki. Mwiri imekaa pale juu tangu mwaka 1911, wakati Jinja yenyewe ilikuwa bado changa.

4. Mkutubi (Entebbe)

Ndugu wa namba 3, umepatwa na ugonjwa wa wahitimu wengi, yaani kuamini kwamba mwaka wa kuanzishwa na mahali pa sasa vilizaliwa siku moja. Mwaka 1911 ni sahihi kwa shule, lakini si kwa kilima. Ilipitia Kamuli kabla ya kuhamia Mwiri mwaka 1933, na kufikia mwaka huo Jinja ilikuwa na reli, bandari na maduka ya kutosha. Kama walitaka kuwa mjini, mji ulikuwapo. Walikwenda juu.

Na hapo ndipo maelezo ya Mwalimu Chaki Nyeupe yanaponipa shida. St. Mary's College Kisubi ilianza mwaka 1906 pale Rubaga, kwenye makao makuu ya wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadri Weupe, ndani kabisa ya mji mkuu wa Buganda. Mwaka 1908 ikahamishiwa Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe. Huwezi kusema kwamba mji uliikuta shule hiyo porini. Shule iliuacha mji kwa miguu yake yenyewe. Nadhani maelezo yako yanafaa Nabumali na hayafai Kisubi, na huenda kosa letu ni kutafuta ufunguo mmoja wa milango yote.

5. Hajati wa Bombo

Assalamu alaikum. Mnazungumzia mji na mnasahau dini, ilhali katika nchi hii kilima ni dini. Waprotestanti wana Namirembe, Wakatoliki wana Rubaga, wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walipewa Nsambya, nasi Waislamu tuna Kibuli. Kila kundi lilitaka kuwa na mlima wake, shule yake na hospitali yake, ili mtoto wa upande mmoja asikutane na mtoto wa upande wa pili hata kisimani. Hawa walikuwa wamekwisha kupigana vita vya silaha mwaka 1892, kwa hiyo mtu asidhani kwamba nazungumza kwa mafumbo. Kwa maoni yangu umbali wa kutoka mjini ni jambo lililotokea kando. Umbali uliokusudiwa ni ule wa kutoka kwa jirani.

Nitaongeza la nyumbani. Marehemu baba yangu, Mnubi wa hapa Bombo, alipelekwa katika shule moja ya misheni akiwa na jina la Kiislamu, na orodha ya darasa ikamwita kwa jina jingine kwa miaka mitatu. Alikuwa akitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, naye alisema kwamba njiani alikuwa na jina lake, na langoni akalivua pamoja na kofia.

6. Mzee wa Budo

Hajati amesema kweli, ila ameliacha neno lenye uzito kuliko yote, nalo ni ardhi. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Buganda na Waingereza ulitenga maili za mraba 92 kwa ajili ya misheni. Mwenye ardhi kubwa namna hiyo hawezi kubanana kwenye kiwanja cha mjini. Sisi wa shule ya Budo, tulioanza mwaka 1906, tulikaribishwa kwenye kilima chenye heshima ya pekee, kwa maana Naggalabi, mahali ambapo Kabaka, mfalme wa Buganda, hutawazwa, ni palepale. Shule ilikwenda ilikopewa ardhi, na ardhi ilikuwa milimani. Mengine ni mapambo.

7. Kipenga (Kampala)

Nimekuwa nikihesabu. Mtu wa Budo amefika kwenye namba 6, na kwa kawaida huwa wa pili. Mzee, ulikuwa safarini?

8. Karani wa Ardhi (Masaka)

Bila kumvunjia Mzee heshima, naomba kusahihisha, kwa kuwa hati za viwanja ndizo zilizonilisha. Maili 92 ni kweli, lakini mkataba ule ulihusu Buganda peke yake. Toro ilikuwa na mkataba wake mwaka huohuo wa 1900, na Ankole mwaka 1901, na mikataba hiyo haikufuata mgawanyo ule wa maili. Huko Busoga, Bugisu na Teso ardhi ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza, na misheni ilikaa kwa ruhusa au kwa kukodishwa. Kwa hiyo hoja ya ardhi inaeleza Budo na Gayaza vizuri, lakini mleta uzi aliuliza kwanza kuhusu Nabumali, Mwiri na Nyakasura, ambazo zote ziko nje ya Buganda.

Ninachoweza kusema kwa uzoefu ni kwamba, kokote walikokaa, walitaka ekari nyingi kwa pamoja. Kiwanja cha mjini kilipimwa kwa futi na kililipiwa kodi. Nje ya mpaka wa mji, chifu aliweza kuonyesha kwa fimbo: kuanzia mti huu mpaka mto ule.

9. Mama Shamba (Kumi)

Ahsante, Karani, maana umenifungulia mlango. Ekari hizo zilikuwa chakula! Shule ya bweni yenye vijana mia mbili haikuweza kununua mihogo na viazi sokoni kila asubuhi kabla ya kuwapo malori. Ilipaswa kulima. Tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani kuchunguza elimu ya Waafrika, ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924, ilisisitiza kwamba elimu ya Mwafrika iwe na kilimo na kazi za mikono, na shule zikapata sababu ya kitaalamu ya kuendelea kufanya jambo ambalo tumbo lilikuwa limekwisha kuziamuru.

Shuleni kwetu, miaka ya 1980, tulikuwa tukipiga jembe kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi kengele ya uji. Mwalimu wa zamu alituambia kwamba tunajifunza. Tulijua kwamba tunapika posho ya mwezi ujao.

10. Muuguzi Mstaafu (Jinja)

Nimesoma yote kwa makini na ninashangaa kwamba hakuna aliyetaja mbu. Shule za kwanza zilijengwa miaka michache tu baada ya Ronald Ross kuonyesha, mwaka 1897, kwamba malaria husafirishwa na mbu. Kila Mzungu aliyekuwa akichagua kiwanja alikuwa na habari hiyo kichwani. Mabonde yetu yamejaa mafunjo na maji yaliyotuama, kwa hiyo aliyetaka kuishi alipanda juu, kwenye upepo.

Huku kwetu Busoga kulikuwa na jambo baya zaidi. Ugonjwa wa malale uliozuka mwanzoni mwa karne ya 20 uliua zaidi ya watu 200,000 kuzunguka Ziwa Victoria, hadi Gavana Hesketh Bell akaamuru wakazi wa ufukweni wahamishwe. Bibi yangu alisema kwamba vijiji vizima vilirudi kuwa msitu, na kwamba wazee hawakupenda kutaja majina ya vijiji hivyo baada ya jua kuzama. Baada ya msiba wa namna hiyo, nani angeanzisha bweni la watoto karibu na maji? Hajati anasema kilima ni dini. Mimi nasema kilima ni afya, na dini ilipanda baadaye kwa ngazi ileile.

11. Chaki Nyeupe (Mbale)

Muuguzi, hoja yako ni nzuri, ila haielezi umbali. Mtu angeweza kupata kilima palepale mjini. Serikali yenyewe ilipoanzisha Makerere mwaka 1922, ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, iliiweka kilimani, na wanafunzi hao wa kwanza walikuwa wa kutwa. Ntare nayo, iliyoanza mwaka 1956, iko kilimani na iko Mbarara mjini. Kwa hiyo urefu wa kilima na urefu wa njia ni maswali mawili, na tumekuwa tukiyajibu kama moja tangu namba 1.

12. Mjukuu wa Duka (Jinja)

Naomba nilitazame swali kutoka upande wa pili wa barabara, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa mjini. Babu yangu alikuwa na duka la vitambaa. Baba yangu alisoma katika shule ya Wahindi iliyokuwa hatua mia tatu kutoka kaunta, na adhuhuri alirudi nyumbani kula. Wakati wa ukoloni shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Shule ya Mhindi ilikuwa mjini kwa sababu Mhindi aliruhusiwa na alitarajiwa kuishi mjini. Mwafrika alitarajiwa kuja mjini asubuhi kufanya kazi na kuondoka jioni, na kanuni za mji zilizodai nyumba za kudumu hazikumpendelea mtu mwenye udongo na nyasi, awe mpangaji au mwalimu wa misheni.

Ndugu Jirani wa Reli, wewe unasema wamisionari waliuogopa mji. Mimi nadhani mji ndio haukuwataka wanafunzi wao. Baada ya Idi Amin kutupa siku 90 mwezi wa Agosti 1972, majengo yale ya mjini yalibaki, na leo mengi ni shule za serikali za kutwa ambazo watoto wa sokoni huzifikia kwa miguu. Nilirudi mwaka 1995 kuliona darasa la baba. Walikuwa wamebadilisha jina na rangi ya kuta, ila kengele ilikuwa ileile.

13. Jirani wa Reli (Tororo)

Namba 12 imenifanya niache chai yangu ipoe. Sikuwahi kufikiri kwamba shule ambayo binti yetu aliikataa kwa sababu "haina jina", ile iliyo nyuma ya soko, ina historia ya namna hiyo. Naomba mwenye kujua zaidi aendelee.

14. Binti wa Soroti

Ninyi wanaume mmeandika kumi na tatu bila kuuliza kuhusu wasichana. (Hajati, Mama Shamba na Muuguzi, mnisamehe, ninyi nimewaona.) Shule ya wasichana iliwekwa mbali kwa sababu ambayo haikuandikwa kwenye hati yoyote: mzazi hakumtoa binti mpaka ahakikishiwe kwamba hakuna mwanamume atakayefika. Gayaza ilipoanza, machifu ndio waliopaswa kushawishiwa, na chifu hakushawishiwa kwa hesabu au Kiingereza bali kwa uzio. Sisi tulikuwa na uzio wa michongoma na mlinzi mwenye upinde, nasi tulijua mahali penye tundu.

15. Kipenga (Kampala)

Tundu hilo lilielekea upande gani, Binti wa Soroti? Tunauliza kwa ajili ya historia.

16. Binti wa Soroti

Lilielekea kwenye muuza mandazi. Andika hivyo kwenye historia yako.

17. Msafiri wa Kyoga (Kamuli)

Mimi naleta shule inayoharibu maelezo yenu yote. Namasagali. Reli ya Busoga ilifika hapo kutoka Jinja mwaka 1912, na abiria na pamba waliendelea kwa meli, wakivuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Palikuwa na gati, karakana, maghala na nyumba za wafanyakazi. Kisha reli kuu ikapita kwingine na kufika Kampala mwaka 1931, na maji yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 bandari ikakoma. Shule ndiyo iliyokuja baada ya hapo, katika miaka hiyohiyo ya 1960, ikarithi majengo ya reli. Wanafunzi walilala na kusoma palipokuwa pa reli.

Kwa hiyo yupo mwanafunzi aliyesoma mahali pa mbali, kando ya maji, penye mbu, kwenye tambarare, na pasipokuwa na kilima cha dini yoyote. Hapo shule haikukimbia mji, wala mji haukuikimbia shule. Mji ulikufa, na shule ikavaa nguo zake. Siku hizi Chuo Kikuu cha Busitema nacho kina kampasi huko.

18. Mkutubi (Entebbe)

Namba 17 ni nzuri kuliko zote hadi sasa. Hata hivyo, Msafiri, umetusaidia bila kukusudia: majengo yalipatikana bure, na Karani alikwisha kusema kwamba shule hufuata palipo na nafasi nyingi kwa gharama ndogo. Milimani ilikuwa ardhi, Namasagali yalikuwa maghala.

19. Msafiri wa Kyoga (Kamuli)

Sikubali, ila nimechoka kuandika kwa simu.

20. Mkazi wa Lira

Nimesita kuandika kwa sababu uzi umekuwa na kicheko, na jambo langu halina. Huku kaskazini, umbali huo ulikuja kulipwa kwa namna nyingine. Mwezi wa Oktoba 1996 waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, waliingia usiku katika shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, wakawachukua wasichana 139. Naibu mkuu wa shule, mtawa kutoka Italia, aliwafuata porini na kurudi na 109. Wengine 30 hawakuachiliwa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, katika shule nyingine ya mashambani, na wiki ileile wazazi wetu walikuja na baiskeli kutuchukua. Tuliishia kusomea mjini, madarasa mawili ndani ya chumba kimoja. Ukimya na umbali, ambavyo wazee walivisifu kuwa ulinzi, vilikuwa ndivyo vilivyotuogopesha.

Sisemi kwamba waliojenga walikosea. Walijenga katika wakati wao. Nasema tu kwamba sababu ya kujenga na sababu ya kubaki ni vitu viwili, na hatujauliza kwa nini shule hizi zilibaki hukohuko baada ya yote hayo.

21. Hajati wa Bombo

Pole sana, mwanangu. Mwenyezi Mungu awape faraja wale waliopotelewa.

22. Karani wa Ardhi (Masaka)

Namba 20 imeuliza kwa nini zilibaki. Jibu la kikarani ni kwamba mwenye shule na mwenye kiwanja mara nyingi si mmoja. Serikali hulipa mishahara na kuteua mkuu wa shule, ilhali ardhi inaendelea kuwa ya dayosisi, na misheni iliyoanzisha ina viti vyake katika bodi. Ukitaka kuhamisha shule, utaacha majengo kwa mtu mwingine na kwenda kununua ekari mjini kwa bei ya leo. Hakuna wizara itakayofanya hesabu hiyo mara mbili.

23. Mama Shamba (Kumi)

Tena mji wenyewe unakuja. Shuleni kwetu tulikuwa tukitembea saa nzima kufika dukani. Mwaka jana nilikwenda kuona mtoto, nikakuta maduka ya kuuza muda wa simu, saluni na kituo cha boda boda vimejipanga hadi kwenye ukuta wa bweni la tatu. Shamba letu la mihogo limekuwa nyumba za kupanga. Tangu mpango wa elimu ya sekondari kwa wote ulipoanza mwaka 2007, wanafunzi wa kutwa ni wengi kuliko wa bweni, na vyumba hivyo wamevipanga wao.

24. Chaki Nyeupe (Mbale)

Hapo sasa tumerudi kwangu: kipi kilitangulia? Miaka hamsini ijayo mtu atafungua uzi kuuliza kwa nini wamisionari walijenga shule katikati ya saluni.

25. Mzee wa Budo

Nimerudi kutoka safarini, kumjibu Kipenga. Bado nasema ni ardhi.

26. Muuguzi Mstaafu (Jinja)

Nami bado nasema ni mbu.

27. Jirani wa Reli (Tororo)

Nawashukuru. Dai langu la namba 1 limebaki na mguu mmoja, lakini halijaanguka, kwa sababu hakuna aliyenieleza jambo hili: jana nilipomfuata binti shuleni, nilizunguka ukuta nikaona kwamba lango la zamani, lenye nguzo za mawe, limezibwa, na lilikuwa linatazama kanisani. Lango linalotumika leo lilitobolewa baadaye, upande wa barabara. Kwa muda mrefu, basi, mtu aliyetoka mjini alifika kwenye kisogo cha shule. Lango la zamani la kwenu linatazama wapi?

28. Kijana wa Kilimani (Iganga)

La kwetu linatazama chini, kwa kuwa kila kitu kiko chini.

29. Mjukuu wa Duka (Jinja)

Shule ya baba haikuwa na lango. Ilikuwa na mlango tu, kama duka.

30. Mkazi wa Lira

La kwetu lilitazama barabara. Baada ya mwaka ule walilihamishia upande wa kambi ya jeshi, na nilipopita mwezi uliopita lilikuwa bado hukohuko, ingawa kambi imeondoka.